Mfalme na Tano Mbele ya Mkwe

Sehemu ya saba

Wiki iliyopita niliwaacha nimeshika simu, nasikiliza sauti ya mke wangu Zulfa kwa mara ya nne. Kwa aliyekosa nitasema kwa ufupi, maana hata mimi mwenyewe nachoka kuyarudia.

Jina langu Bashiru. Ni mhudumu wa vyumba kwenye kambi moja ya watalii, kisiwani, ukishakipita kisiwa cha Vamizi. Jina la kambi silitaji kwa sababu bado nakula pale.

Mwezi uliopita Zulfa alijifungua mtoto wetu wa tatu. Siku ya saba, siku ya kumnyoa mtoto na kumpa jina, sikuwepo. Nilikuwa kisiwani, nimekaa mchangani nalinda mayai ya kasa, kwa sababu nafasi yangu ya kwenda nyumbani niliipoteza kwenye karata. Nilitaka mtoto aitwe Zainabo, jina la marehemu mama yangu. Wakampa jina bila mimi. Anaitwa Alima.

Zulfa alipojua kwamba kilichonizuia ni karata, hakugombana. Alifunga mizigo, akachukua watoto wote watatu, akaenda kwa wazee wake kijiji cha Quitunda, karibu na Palma. Na kutoka huko ndiko alikonitumia ule ujumbe wa sauti:

"Bashiru, wazee watakaa Jumapili baada ya adhuhuri. Uje mwenyewe. Usitume mtu, usitume samaki. Usipokuja, usije tena."

Hapo ndipo tulipoishia. Sasa nisikilizeni, na mkimaliza mnitukane tu, nimezoea.

Jumapili hiyo hiyo jina langu lilikuwa kwenye escala.

Escala ni karatasi ya zamu iliyobandikwa kwenye mlango wa jiko. Pale kambini kila mfanyakazi, awe mpishi, awe fundi, awe mfua nguo, ana zamu ya kasa juu ya kazi yake. Unakaa siku nzima na usiku wake kule ncha ya kaskazini, kasa wanaotaga wasichimbuliwe mayai yao. Mwenye zamu Jumamosi au Jumapili hapandi boti. Na boti ya kwenda mjini Palma ni moja tu, inaondoka Jumamosi alfajiri, inarudi Jumatatu.

Chefe Hermínio, msimamizi wetu, hajali nani analinda. Anachotaka ni kila siku iwe na jina. Alhamisi ikifika alasiri anaipiga picha ile karatasi, anaituma ofisini, na hapo hakuna tena kubembelezana.

Sisi zamu hizo tukazigeuza mchezo. Tunacheza poka. Kila mtu anapewa vizibo kumi vya soda, na mtu akikumaliza vizibo vyako, anakuachia zamu yake. Wewe unalinda mara mbili, yeye anapanda boti.

Karata ni haramu, najua, sihitaji kukumbushwa. Tulijidanganya kwamba kwa kuwa hatuchezei pesa, basi si kamari. Aliyeitoa hoja hiyo kwa sauti kubwa kuliko wote ni mimi.

Basi Jumapili ni mimi. Mnajua Jumamosi alikuwa nani? Mzee Mwinyimadi, mpishi mkuu wa kambi. Na Mzee Mwinyimadi ni mjomba wake Zulfa, kaka wa mama yake, tumbo moja. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Ndiye aliyeniozesha Zulfa, ndiye aliyempa mtoto jina siku niliyokosekana, na kikao cha Jumapili hakiwezi kukaa bila yeye.

Mtaniuliza kwa nini sikwenda jikoni nikamwomba tuitafutie njia pamoja. Mtu aliyekimbiwa na mke haendi kwa mjomba wa mke akiwa peke yake, anatuma mtu mzima amsemee. Na pale kisiwani mtu mzima ni huyo huyo Mzee Mwinyimadi. Ningemtuma yeye kwa yeye?

Kwa hiyo nikaenda kwenye karata.

Ilikuwa Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, wageni wamelala. Tulikaa stoo ya vyakula, juu ya mkeka, watu watatu. Mimi. Domingas wa kufulia, Mmakonde wa Mueda, mwanamke asiyeogopa mtu. Na Aurélio, fundi wa jenereta, kijana wa Nampula, ndiye aliyeuleta mchezo huu kambini baada ya kujifunza kwenye simu.

"Leo lazima nimmalize mtu," nikawaambia. "Nina kikao."

"Kila wiki una kikao," Domingas akasema. "Wiki hii cha nani?"

"Cha mke wangu."

Akavivuta vizibo vyake karibu.

Aurélio alikuwa anagawa. "Bashiru, ugonjwa wako naujua," akasema. "Unapata jozi ya juu, karata yako ya pili takataka, tayari unajiona umefika. Na unayafanya hayo ukiwa wa kwanza kusema! Posição, mano, mahali unapokaa! Anayesema nyuma anakuona. Wewe humwoni."

Kwa wasioujua mchezo, ni hivi. Unapewa karata mbili zako, nyingine tano zinafunguliwa mkekani kidogo kidogo, ni za wote. Ukiwa na mfalme mkononi na mkekani akafunguka mfalme aliye mkubwa kuliko wenzake, una jozi ya juu. Lakini na mwenzako akiwa na mfalme, inaangaliwa karata ya pili. Ya pili ikiwa ndogo, umeumia. Aurélio alinifundisha kwamba mkono wa namna hiyo, ukiwa unatangulia kusema, unagonga mkeka tu na kunyamaza, huweki vizibo.

Nilikuwa nimeyashika maneno hayo kwa moyo. Kuyashika si kazi, kazi ni kuyatii.

Siku ile, wallahi, mwanzo ulikuwa mzuri. Nilikaa mahali pazuri, mgongo kwenye magunia ya mchele, Aurélio kulia kwangu. Zamu ya kusema inakwenda kushoto, kwa hiyo karibu kila mara Aurélio alisema kabla yangu. Akiweka, namwona. Akigonga, namwona. Nusu saa haikupita, nilikuwa na vizibo kumi na saba. Domingas alibaki na kumi vyake. Aurélio alikuwa na vitatu.

Vitatu! Mkono mmoja tu, na Jumapili yangu inakwenda kwa Aurélio.

"Leo umeamka na bahati yako," Aurélio akasema, anafuta jasho.

"Gawa," nikasema.

Mlango ukafunguka.

Alikuwa Mzee Mwinyimadi. Amevaa koti lake jeupe la jikoni, kofia ya vito kichwani, mkono mmoja umeingia kwenye mfuko wa kifuani. Alisimama akatutazama, mkeka, vizibo, mimi.

Mwezi mzima nilikuwa nikimkwepa mzee huyu. Akiingia jikoni, mimi natoka na vyombo. Akipita njia ya bomba, mimi napita ya choo. Sasa ananikuta na karata mkononi, kitu kile kile kilichomwondoa mtoto wa dada yake nyumbani kwangu.

Nikaruka kusimama. "Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mkwe."

Huwezi kumuuliza mkwe amefuata nini. Ni utovu wa adabu, kama unamfukuza. Unampisha, unamkaribisha, unangoja aseme mwenyewe. Nami nikampisha palepale nilipokaa mimi, kwenye magunia, mahali pazuri kuliko pote.

"Karibu, Mjomba. Karibu mkekani."

Kichwani mwangu hesabu ilikuwa imeshafungwa. Jina lake liko Jumamosi, na yeye anataka boti, kwa hiyo amekuja kucheza. Aurélio naye akawaza vivyo hivyo. Kabla mzee hajafungua mdomo, alikwisha kumwekea vizibo kumi na kumrushia karata mbili.

Mzee Mwinyimadi alizitazama zile karata kwa muda. Mkono wake bado ulikuwa mfukoni. Halafu akautoa, mtupu, akakunja miguu, akakaa.

"Haya," akasema. "Nilicheza mchezo huu Mtwara, nikipakia meli, kabla hujazaliwa. Tuone kama nimesahau."

Sasa mimi nikae wapi? Kumkabili mkwe uso kwa uso siwezi. Kushoto kwake kulikuwa na nafasi, kati yake na Domingas, lakini kufika pale ningempita mbele na kukaa upande wa juu, sawa naye. Mkwe anakaa mlangoni. Nikakaa mlangoni, kulia kwa mzee, goti moja nje ya mkeka.

"Kushoto!" Aurélio akaninong'oneza. "Kaa kushoto kwake, wewe!"

"Siwezi."

"Kulia kwake utasema kabla yake mara tatu kati ya nne!"

"Aurélio, siwezi. Ni mkwe."

Akashika kichwa. Kwao Nampula wakwe wapo pia, lakini huyu alikulia kwenye simu.

Mkono wa kwanza nilipata malkia na sita. Kila mtu akatanguliza kizibo kimoja kama kawaida. Zikafunguliwa malkia, kumi, mbili. Jozi ya juu. Na wa kwanza kusema, mimi.

Gonga, Bashiru. Gonga unyamaze.

Nikaweka viwili.

Mzee akafuata. Domingas na Aurélio wakalaza karata zao, wamejitoa. Ikafunguliwa ya nne, nikaweka vitatu. Mzee akafuata. Ya tano nikaogopa, nikagonga. Naye akagonga. Tukafunua.

Alikuwa na malkia na mfalme.

"Alhamdulillahi," mzee akasema, akavivuta vizibo upande wake taratibu.

Vizibo kumi na saba vikawa kumi na moja. Si kitu, nikajiambia. Mkono unaofuata nagawa mimi, na mgawaji ndiye anayesema wa mwisho. Hii ndiyo ile mara moja kati ya nne. Mzee ndiye atakayeanza, mimi nitamwona.

Nikagawa. Nikapata kumi, na ya pili tatu. Zikafunguliwa kumi, saba, nne. Jozi ya juu tena, na safari hii niko nyuma ya wote.

Mzee akainama juu ya karata zake. Akakuna kidevu. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaona aibu. Mzee mzima, mjomba wa mke wangu, anahangaishwa kufungua mchezo mbele yangu mimi niliyekosa adabu kwao, na mimi nimejikalia tu namsubiri kama bwana mkubwa.

"Usihangaike, Mjomba," nikasema. "Mimi nitaanza."

Nikaweka viwili.

Domingas alicheka mpaka akajifunika uso kwa kapulana yake ya kiunoni. Aurélio alisema maneno ya Kireno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa.

"Umempa! Ulikuwa na nafasi moja, moja tu, ukampa mwenyewe!"

"Adabu," nikasema.

"Adabu peleka msikitini!"

Mzee akafuata viwili vyangu. Wengine wakalaza. Ya nne ikafunguka malkia. Nikagonga. Mzee akaweka vinne. Nikalaza karata, nikiwa na jozi yangu ya makumi na tatu langu la aibu. Alikuwa na nini? Hakuonyesha. Mpaka leo naandika haya sijui, na linanikera kuliko yote.

Nikabaki na vinane.

Wakati mzee anakusanya karata, maana sasa zamu ya kugawa ilikuwa yake, Domingas akaniinamia.

"Bashiru, nikuulize. Hivi ukimmaliza mzee, si unamwachia Jumapili yako?"

"Ndiyo."

"Na Jumamosi yake iko palepale. Hapandi boti."

"Ndiyo."

"Basi Jumapili huko Quitunda utazungumza na nani? Na viti?"

Sikuwa nimeliona. Nikimshinda mzee, mjomba anabaki kisiwani na kikao hakikai. Akinishinda yeye, kikao kinakaa bila mume. Hakuna ushindi mbele ya mtu huyu. Mtu wa kumshinda alikuwa Aurélio peke yake, naye alikuwa na kimoja tu, viwili vimekwisha kwa kutanguliza. Kazi yangu ilikuwa kulaza kila karata mbele ya mzee, nimsubiri Aurélio, basi. Hata mtoto angeifanya.

Mzee akagawa. Aurélio akatanguliza kizibo chake cha mwisho, akachungulia karata zake, akafyonya. Ameishiwa, hana la kuweka tena. Anasubiri tu kuona kama atafufuka.

Nikainua zangu. Mfalme na tano.

Zikafunguliwa mfalme, tisa, tatu.

Ndugu zangu, mimi si mjinga. Nilijua kila kitu. Nilijua ni jozi ya juu yenye tano, karata ya kutupa. Nilijua mzee yuko nyuma yangu. Nilijua Aurélio yuko tayari kuanguka, nami nikigonga mpaka mwisho inatosha, hahitaji kusukumwa. Lakini nilikuwa nimechoka kushindwa. Mwezi mzima nashindwa. Nimeshindwa jina la mtoto, nimeshindwa nyumba, sasa nashindwa hata mbele ya magunia ya mchele. Hasira ikanishika mkono.

Domingas akagonga. Nikaweka viwili.

Mzee akafuata. Domingas akalaza.

Ikafunguka saba. Nikaweka viwili vingine. Mzee akafuata.

Nilitaka nimsome usoni kama Aurélio alivyonifundisha, macho, pumzi, koo. Lakini mkwe hatazamwi machoni. Nilichoruhusiwa kukiona ni miguu yake iliyokunjwa. Basi nikaanza kusoma vidole vya miguu. Kidole gumba kilitulia tuli. Nikasema, kimetulia kwa sababu hana kitu, anajikaza. Mwanamume mwenye watoto watatu, maisha yangu nayapima kwa kidole gumba cha mpishi.

Ya tano ikafunguka mbili. Haikumsaidia mtu. Nikagonga.

Mzee akaweka vitatu. Ndivyo nilivyobaki navyo, vitatu, wala hakuhitaji kuvihesabu.

"Laza," Aurélio akasema. Ameishiwa vizibo, lakini bado ananionea huruma. "Bashiru, laza, nakuomba. Mimi sina kitu, nimekufa. Baki na vitatu vyako, mkono unaofuata mmalize huyo Domingas."

"Usimwambie," mzee akasema polepole. "Mwacheni achague."

Sauti yake ilikuwa ya ajabu. Haikuwa ya mchezaji. Leo nikiikumbuka naisikia vizuri: ilikuwa sauti ya mtu anayeomba. Siku ile niliisikia kama ya mtu anayenidharau.

Nikavisukuma vitatu vyangu.

Mzee Mwinyimadi hakufunua haraka. Alivuta pumzi, akafunua moja, akafunua ya pili. Mfalme na kumi.

Aurélio akatupa karata zake mkekani, nne na sita, akainuka akaenda kusimama dirishani. Domingas akatazama chini. Nilikuwa nimekwisha, mimi na Aurélio, na kwa sheria yetu wakiisha wawili zamu inamwangukia aliyeingia na vizibo vingi. Jumapili yangu bado yangu, na sasa Jumamosi ya mzee ni yangu pia.

"Kwa sheria yenu," mzee akasema, "Jumamosi nalindiwa na mkwe. Ni kweli?"

"Ni kweli, Mzee," Domingas akajibu, hana raha.

"Na Jumapili analinda mwenyewe."

"Ndiyo, Mzee."

Akatikisa kichwa. Hakuvigusa vizibo. Akaingiza mkono kwenye ule mfuko wa kifuani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya mkeka, juu ya wafalme wetu wawili.

Ilikuwa escala. Mpya. Sahihi ya Chefe Hermínio iko chini, wino mbichi. Nikasoma. Jumamosi: Amido. Jumapili: Amido. Amido wa bustani, mtu asiyecheza karata wala kwenda Palma.

Jina langu halikuwepo. Lake halikuwepo.

"Mjomba," nikasema. "Hii ni nini?"

"Sasa unauliza," akasema. "Nilipoingia hukuuliza."

"Mjomba, mimi nilidhani..."

"Zulfa alinipigia asubuhi, analia. Akaniambia, Mjomba, mimi maneno makali nimeshayasema, lakini mlete. Nikaenda kwa Amido, nikambembeleza. Nikaenda kwa chefe, nikambembeleza. Watu wa umri wa wanangu. Nikamjulisha Zulfa, nikaja hapa kukwambia, mkwe, funga mzigo, Jumamosi tunapanda boti wote wawili." Akautazama mkeka. "Ukanipisha. Ukanikaribisha mkekani. Huyu akanirushia karata."

"Mjomba, ni adabu tu, nisingeweza kukuuliza."

"Adabu nimeiona. Nikasema, ngoja nikae, nimwone mtoto huyu. Mchezo huu niliuacha miaka thelathini, leo nimeurudia kwa ajili yako, na dhambi yake nitaulizwa mimi. Kila mkono nilisema, huu atalaza. Huu sasa atalaza. Ungelaza mara moja tu ukasema, Mjomba, samahani, nina kikao, sichezi tena, ningekukumbatia."

Nililia. Naandika hivyo hivyo, nililia, mbele ya Domingas na Aurélio. Machozi ya hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu mwenyewe. Kama ningeweza kutoka ndani ya ngozi yangu nikajipiga makofi, ningefanya.

Nje, sauti ya Chefe Hermínio ikaita kutoka upande wa jiko.

"Mwinyimadi! Mlangoni bado iko ya zamani! Unaibandika mpya au nipige picha hii hii?"

"Nakuja, chefe!" mzee akaitika. Hakuinuka.

Akaishika ile karatasi kwa vidole viwili. Akaniangalia. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe Zulfa, nikamwangalia machoni.

"Mjomba, nisamehe. Ibandike. Nakuomba."

"Hii naweza kuibandika, na naweza kuiwashia jiko. Sijui bado. Nikikupeleka Quitunda, Jumapili nitasema nini mbele ya wazee? Kwamba umeacha? Nimekuona kwa macho yangu, sasa hivi, hapa mkekani."

Simu yake ikalia ndani ya koti.

Mtandao wa kisiwani hauji unapoutaka. Unakuja siku ya namna hii. Mzee akaitoa, akatazama kioo, akanigeuzia nione. Zulfa.

"Pokea wewe," akasema.

"Mjomba, siwezi."

"Pokea. Mwambie lolote unalotaka, uongo au kweli, sitakuingilia. Nitakaa hapa nyuma yako nisikilize. Ukimaliza, nitajua karatasi hii inakwenda wapi."

Mnaona? Hata hapo. Mimi ndiye wa kutangulia kusema, na yeye yuko nyuma.

Nikaipokea. Kabla sijasema neno, sauti yake ikajaa sikioni, nyepesi, ya furaha, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu kabla Alima hajazaliwa.

"Mjomba! Umempa karatasi? Amefurahi?"

Nikageuka nikamtazama mzee.

"Mjomba? Nimeshawaambia watoto baba anakuja. Huyu mkubwa kavaa viatu tangu saa sita, hataki kuvua, nimemwambia ni Jumamosi lakini haelewi. Amesemaje? Amefurahi?"

"Zulfa," nikasema. "Ni mimi."

Akashtuka, akacheka kidogo. Wallahi alicheka. "Bashiru! Kumbe mko wote? Uko na mjomba jikoni?"

Nikafungua mdomo. Neno la kweli lilikuwa pale, na la uongo lilikuwa pale, yote mawili tayari ulimini. Mzee Mwinyimadi alikuwa ameinamisha kichwa, karatasi mkononi, anasubiri.

Na Aurélio, pale dirishani, asiyejua afanye nini na mikono yake, alikuwa ameziokota karata mkekani. Akaanza kuzichanganya. Hakukusudia. Mikono yake imezoea. Trrrr, zikalia kwenye ile stoo ya bati. Trrrr.

Kicheko cha Zulfa kikakatika.

Nilisikia pumzi yake. Nilisikia mtoto analia nyuma yake, Alima, kwa mara ya kwanza naisikia sauti yake. Halafu Zulfa akaniuliza, taratibu kabisa:

"Bashiru, hizo ni karata?"